Meno Manne ya Mpiga Tarumbeta

San Sebastián Yalagui, 4 Machi 2007

Mdogo wangu Hermelinda,

Nimefika! Nimefika na mizigo yote, na skrubu zangu nne ziko palepale kwenye taya, ingawa basi lilitutikisa tangu Mexicali mpaka Oaxaca utadhani dereva alikuwa na ugomvi na barabara. Zenaida hajambo, anakusalimu sana, na shali uliyompa ameivaa kanisani siku ya kwanza tu ili watu waulize imetoka wapi. Mwanangu Nazario hajambo pia. Amerefuka tena, sasa ananitazama kwa juu. Nguruwe amezaa. Kahawa imeshaanikwa yote. Mvua bado.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Unakijua kibanda cha Doña Porfiria. Kwanza anakutangaza kwa kipaza sauti kijiji kizima, halafu watu wanajipanga mlangoni kusikiliza. Na mimi na haya meno ya muda, kila S inatoka na mluzi. Juzi nilimwita mbwa wa jirani bila kukusudia. Basi nitaandika, kwenye karatasi sina mluzi.

Hermelinda, watu wamejaa hapa nyumbani! Kila mmoja anataka kuona. Navua meno ya muda, nafungua mdomo kama farasi anayeuzwa, wanachungulia, wanasema "Aa! Kumbe chuma kabisa!" Hata Odilón alikuja. Ndiyo, huyohuyo Odilón, baba wa ubatizo wa mwanangu, ambaye kiwiko chake kilining'oa meno manne kwenye mashindano ya wazee ya mpira wa kikapu. Alisimama mlangoni amevua kofia, akasema, "Mzee mwenzangu, yakikomaa hayo nitakuwa nakukaba kutoka mbali." Nikamwambia, "Wewe hata kutoka mbali una kiwiko." Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Mwaka mzima sijashika nafasi yangu, dada. Mwaka mzima nimekaa kwenye benchi la bendi nikiwageuzia wenzangu kurasa za nota, tarumbeta yangu ipo kwenye sanduku chini ya kitanda, nami nageuka upande wa ukuta nisiione. Sasa daktari wako amesema miezi sita, mfupa ukishazikamata skrubu nitawekewa meno ya kudumu, nami nitarudi kwenye kiti cha tarumbeta ya kwanza kabla ya sikukuu ya Januari. Januari! Nimefurahi mpaka usingizi unanikimbia.

Utakuja sikukuu? Mwaka huu hukuja, ukasema kazi nyingi.

Kaka yako,
Eleuterio


Los Algodones, 29 Machi 2007

Kaka Eleuterio,

Barua yako imenikuta kliniki mchana, nikaisoma chumba cha kuchemshia vyombo huku nacheka peke yangu mpaka Daktari Lizárraga akaja kuuliza kama nimevuta ile gesi ya ganzi. Mimi sijambo. Joto limeanza, wazee wa theluji wanaanza kurudi kwao Kanada na meno yao mapya, na wapiga debe wa kliniki wanagombania waliobaki pale mpakani. Jana wawili walimvuta bibi mmoja huku na huku, kumbe alikuwa amekuja kununua miwani.

Sasa nisikilize, na usikilize kama unamsikiliza mama. Skrubu hiyo haijashikwa na kitu bado. Imekaa ndani ya mfupa kama mti uliopandikizwa juzi. Ukiutikisa kabla haujaota mizizi, umekwenda. Nimewaona hapa kwa macho yangu: mmoja alitafuna karanga, mwingine alisema sigara moja haina neno. Wakarudi wameshika skrubu kwenye karatasi. Kwa hiyo: meno ya muda uliyopewa ni ya kutabasamia tu, si ya kutafunia. Tlayuda, chapati ngumu kama ile, hapana, hata ukiivunja vipande. Mahindi ya kuchoma hapana. Uji, maharage, mayai, basi.

Na tarumbeta hapana. Hata kwa utani. Hata kuonja mdomo wake kama umepoa au umepata moto. Najua mkono wako, kaka, najua unavyobana kile chuma kwenye midomo ukifika nota za juu, shingo inatoka mishipa. Nguvu yote ile inaangukia kwenye meno. Mwambie Zenaida afiche sanduku.

Lakini nami nimefurahi, sitakuficha! Siku ulipoondoka nilirudi kazini nikamwambia kila mgonjwa kwamba kaka yangu ndiye tarumbeta ya kwanza ya Yalagui. Hawakujua Yalagui ni wapi, wakapiga makofi.

Wasalimie wote. Nazario asimamie nota zake.

Hermelinda


Yalagui, 17 Juni 2007

Mdogo wangu,

Usinune kwamba nimechelewa. Mvua imekata barabara kule chini kwenye daraja, posta haijapanda, na mimi nilikuwa na kazi ya kupalilia. Sote wazima. Nguruwe wawili wameuzwa. Zenaida alikuwa na mafua, yamepita. Nazario sasa ni tarumbeta ya pili, anapiga vizuri ila anaogopa watu. Akisimama mbele ya umati anakuwa mweupe kama chaki.

Mei tulikwenda Yatoche. Unajua ilivyo: bendi yao ilikuja kutupigia kwenye sikukuu yetu Januari, na gozona ni gozona, nasi ilibidi tuwarudishie kwenye yao. Siku tatu. Walitupokea vizuri mno, mchuzi wa nyama ya ng'ombe tangu asubuhi, pombe ya mezkali ya kutosha, na uwanja wao mpya wa kikapu una paa! Mimi nilikwenda kubeba nota.

Haya, sasa mambo ya kuchekesha. Nimegundua kwamba mdomo wangu ni ala. Nikivua yale meno ya muda, nikagonga vichwa vya skrubu vinavyochungulia kwenye ufizi kwa kijiko kidogo, vinalia! Nimeketi mbele ya kioo cha Zenaida nikagonga moja moja. Ya kwanza inalia ting, safi kabisa, kama kengele ya misa. Ya pili ting. Ya nne ting. Ya tatu yenyewe haina mpango, inasema tup, kama ngoma iliyoloa. Nazario anasema nimebakiza moja tu kuilinganisha sauti. Ina maumivu kidogo pia, lakini nadhani ni hali ya hewa.

Umenyamaza kuhusu Januari. Nimeona.

Eleuterio


Los Algodones, 2 Julai 2007

Kaka,

Salamu kwa wote. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaketi chini.

Skrubu iliyoshikwa na mfupa inalia. Daktari Lizárraga huzigonga kila siku kwa mpini wa kioo chake, na mimi nikiwa chumba cha pili najua bila kuona: ting, huyo atakwenda nyumbani akicheka. Tup, namwandalia daktari koleo. Tup maana yake haijashikwa. Inaelea humo ndani.

Nakuuliza mara moja tu, nataka jibu moja tu. Yatoche ulibeba nota, au ulipiga?

Hermelinda


Yalagui, 19 Julai 2007

Mdogo wangu,

Watu wote hawajambo isipokuwa mimi, nimeshikwa.

Nilipiga. Kipande kimoja. Basi, viwili. Haya, siku tatu zote, Hermelinda, tangu maandamano ya kwanza mpaka dansi la kufunga.

Lakini niache nikueleze ilivyokuwa, kisha unitukane. Odilón, ambaye ndiye anashika nafasi yangu, alishikwa na tumbo njiani, tukamwacha kwa mganga wa kituo cha afya. Akabaki Nazario. Tunafika Yatoche, kijiji kizima kimepanga mstari na maua, bendi yao imetupigia wimbo wa kutukaribisha, sasa zamu yetu kujibu. Nazario anainua tarumbeta. Inatoka hewa tu! Anajaribu tena, hewa. Watu wa Yatoche ni waungwana, wanatazama chini. Na mkuu wa bendi yao, yule mwenye sharubu, akanitazama mimi. Januari huyu mtu alitupigia kwa siku tatu akiwa na homa, midomo imepasuka, kwa sababu alikuwa ameahidi. Gozona hailipwi kwa njia nyingine. Kazi kwa kazi, mdomo kwa mdomo. Ungefanya nini? Nilimnyang'anya mwanangu tarumbeta.

Na nikwambie ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: ilikuwa tamu. Mwaka na miezi minne! Sauti ilitoka ikaenda ikagonga mlima wa ng'ambo ikarudi, wazee wa Yatoche wakavua kofia, na mimi nikalia nikiwa napiga, kitu ambacho usijaribu, kinaharibu nota.

Usiku wa pili ile ya tatu ilianza kuuma. Nilikuficha. Niliogopa ukijua utalia, na zaidi niliogopa utaninunia.

Nakuja Agosti. Mwambie daktari aandae koleo.

Eleuterio


Los Algodones, 30 Septemba 2007

Kaka Eleuterio,

Natumaini basi la kurudi lilikuwa na adabu. Hapa nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Wiki tatu nilizoea kukusikia unakoroma. Jirani yangu Doña Casilda anauliza yule bwana mcheshi wa meno amekwenda wapi, nikamwambia ana mke, akafunga dirisha.

Kaka, meno yako ni mazuri! Kila nikifunga macho nayaona. Ile siku Daktari Lizárraga alipoitoa ile mbovu, ikatoka bila hata kuvutwa, nilidhani safari imeisha. Kisha akazigonga zile nyingine tatu mara mbili mbili, akasema zimeshika kama msumari kwenye mwaloni, na tatu zinatosha kubeba meno manne. Na alipokufungia meno ya kudumu ukatazama kwenye kioo! Ulisema "Sebastián, Sesilia, sabuni, sisimizi," na S zote zikatoka bila mluzi, mpaka wagonjwa waliokuwa wanangoja wakasimama. Wewe ulicheka, mimi nililia, na Mmarekani mmoja akatupiga picha bila kuuliza.

Sasa sikiliza. Kuna jambo daktari aliniambia kwenye korido, wewe ukiwa unaaga kila mtu kliniki. Sikukwambia siku ile, wala jioni, wala kituo cha basi. Ulikuwa na furaha mno, nilishindwa.

Alisema mfupa wako wa juu ni mwembamba. Ukitafuna kama watu, meno haya utazeeka nayo. Ukipiga tarumbeta kama zamani, kwa kubana kule, hajui. Labda miaka mingi. Labda mwaka. Zikilegea hizo tatu, mfupa hautabaki wa kupandia nyingine, na hutakuwa tena na meno wala tarumbeta.

Kwa hiyo nakuomba, kaka yangu. Acha. Fundisha watoto, shika kijiti cha mkuu wa bendi, Nazario yupo. Una meno, unakula, unazungumza, unacheka bila kuweka mkono mdomoni. Mimi nimekusikia tangu nikiwa mtoto, nimeshiba.

Nijibu.

Hermelinda


Yalagui, 3 Novemba 2007

Mdogo wangu Hermelinda,

Sote wazima. Tumewaandalia marehemu meza nzuri kwenye siku yao mwaka huu, Zenaida alipika mchuzi wa mole nyeusi, mkate ukapatikana, maua yakatosha. Kwa mama tuliweka chokoleti na sigara zake. Mvua imekwisha. Kahawa imeanza kuiva upande wa chini. Nazario ana msichana, anadhani hatujui.

Nakula kila kitu. Jana nimekula tlayuda nzima, kavu, yenye mafuta ya nguruwe na nyama ya kukausha, na nilikuwa naitafuna kwa makelele ili majirani wasikie. Juzi muwa. Watoto wa shule wananiomba nitabasamu.

Umesema umeshiba kunisikia. Huo ni uongo wako wa kwanza niliouona kwa maandishi.

Ni hayo tu kwa leo.

Eleuterio


Los Algodones, 25 Novemba 2007

Kaka,

Ile si barua, ile ni orodha ya chakula.

Mimi sijambo, wazee wa theluji wamerudi kwa makundi, tunafungua kliniki mapema na kufunga tukiwa tumechoka. Lakini simu ilipigwa hapa kazini Jumanne. Zenaida! Kutoka kibanda cha Doña Porfiria, kijiji kizima kinasikiliza, naye anapiga kelele kama vile mimi ni kiziwi: "Wifi! Anakwenda kwenye zizi kila asubuhi na sanduku! Anafunga mlango! Odilón naye yumo humo!" Nikamuuliza wanafanya nini. Akasema, "Sijui, lakini nimesikia sauti kama mbuzi anayezaa."

Eleuterio! Na Odilón! Mtu yule yule! Amekung'oa meno manne ya kwanza, sasa anakuja kumalizia ya pili?

Ndiyo, nilidanganya. Sijashiba. Hapa tuna redio siku nzima, bendi za Sinaloa kwa sauti ya juu mchana kutwa, na kila tarumbeta ikiingia mkono wangu unasimama. Ulipong'oka meno niliacha kuuliza habari za sikukuu, na sababu ya kutokuja Januari iliyopita si wazee wa theluji, ruhusa ningepata. Sikutaka kukaa kwenye viti vya uwanjani nikamtazama Odilón kwenye nafasi yako. Umefurahi sasa?

Lakini nakutaka na meno. Niambie mnafanya nini humo zizini.

Hermelinda


Yalagui, 18 Disemba 2007

Mdogo wangu mpendwa, mkali, mpiga kelele,

Zenaida hajambo, ila nimemnunia siku mbili kwa kunifananisha na mbuzi. Nazario hajambo. Kahawa imejaa uani hatuna pa kukanyaga.

Sasa keti. Barua yako ya Septemba niliichukia. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda nayo shambani, nikarudi nayo. Mwisho nikaisoma vizuri, nikaona daktari hakusema nisipige. Alisema nisipige kama zamani. Nikampelekea Odilón. Sikumpelekea kwa upendo, nilitaka aone alichonifanyia. Akaisoma taratibu, unajua anavyosoma, kidole kwenye mstari. Kisha akasema, "Tatizo lako ni mikono." Nikamwambia tatizo langu lilikuwa kiwiko. Akasema, "Mikono yako ndiyo inayobana. Tuiondoe."

Basi alichofanya, Hermelinda! Amefunga kamba kwenye boriti ya zizi, akaining'iniza tarumbeta yangu kama nyama. Mimi nasimama mbele yake, mikono nyuma, Odilón ameishika hiyo mikono kama polisi. Napiga hivyo! Ukijaribu kubana, tarumbeta inakimbia, inabembea. Lazima uiguse tu, kama unambusu mtoto aliyelala. Wiki ya kwanza ilitoka ile sauti ya mbuzi, nakiri. Ng'ombe waliacha kutoa maziwa. Wiki ya pili ikatoka nota moja, ya chini, nyembamba, tukakumbatiana wazee wawili zizini kama wajinga. Sasa napata mstari mzima wa wimbo wa kufungulia sikukuu. Nota za juu bado. Huenda hazitarudi, sauti yenyewe ni ndogo. Nina miaka hamsini na moja na nimeanza darasa la kwanza.

Odilón amekataa kabisa kukaa kwenye kiti changu Januari. Anasema atakaa cha pili. Sehemu ya juu ataipiga yeye, ya kuimba nitapiga mimi. Tarumbeta ya kwanza ya Yalagui haijawahi kugawanywa na watu wawili, baba yetu angefufuka kutukemea. Lakini wazee wa bendi wamekubali.

Na huu ndio uamuzi wangu, usiupinge kwa maandishi. Mimi sikukaa siku mbili ndani ya basi, kwenda na kurudi, mara mbili, ili nile tlayuda. Nitapiga kwa kuyaheshimu meno haya, na nitayasafisha kama ulivyonifundisha, kwa uzi na kwa brashi ile ndogo ya ajabu. Yakikaa, yakae. Yakiondoka, yatakuwa yameondoka kazini.

Naogopa, lakini. Sijamwambia mtu mwingine. Naogopa nisimame pale uwanjani kitoke kitu kidogo hivi, watu watazame chini kama walivyotazama Yatoche.

Basi linaondoka Mexicali jioni. Sitauliza tena.

Eleuterio


Los Algodones, 27 Januari 2008

Kaka Eleuterio,

Nimefika salama. Tamale za Zenaida zilifika nusu, nyingine niliwapa dereva na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na kunisikiliza nikizungumza tangu Oaxaca mpaka Guadalajara bila kupumua. Doña Casilda anakusalimu, dirisha limefunguliwa tena. Daktari Lizárraga alikasirika kwamba niliondoka wazee wa theluji wakiwa wamepanga foleni, nikamwonyesha ile picha uliyopigwa na tarumbeta mdomoni. Akavaa miwani, akaivua, akaniuliza kama hukubana. Nikamwambia hukubana. Akasema nikuandikie urudi Agosti akupime, na uje na tarumbeta, anataka kuona hiyo mikono nyuma.

Nimekuandikia haraka kwa sababu uliniuliza swali siku ya kuondoka, pale kando ya basi, nami nikajifanya natafuta tiketi. Uliuliza ilikuwaje. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu lisilo la aibu. Sasa nakujibu.

Mara ya kwanza sikusikia kitu. Naapa. Ulisimama katikati ya uwanja wa kikapu, Odilón kulia kwako, Nazario nyuma, bendi ya Yatoche imejipanga upande wa pili na yule mwenye sharubu mbele, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele natazama meno. Tarumbeta ikigusa mdomo nashika goti la Zenaida. Ikitoka, naachia. Nilikuwa natafuta damu kwenye ufizi. Nilikuwa natazama lile jino la juu kushoto kama linacheza. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, nami nimekaa nimeganda, jasho tupu, kana kwamba nimetoka kuzaa. Niliposhtuka nikataka kulia kwa hasira. Nimesafiri nchi nzima, na sikusikia!

Bahati yangu watu wa Yatoche. Yule mwenye sharubu akapiga kelele, "Tena!" na nyote mkaanza upya, na safari hii nilifumba macho.

Nitakwambia ukweli kwa sababu ndugu wengine watakupamba. Sauti yako si ile. Zamani ilikuwa inavuka bonde, mama alikuwa anaisikia kwenye shamba la kahawa na kujua saa. Ikiingia, hakuna aliyehitaji kusikiliza, ilimkuta mtu popote alipo. Sasa ni ndogo, kaka. Ilipoanza, vijana walikuwa bado wanadundisha mpira pembeni, yule muuza fataki anabishana, watoto wanalia wanataka aiskrimu, mbwa, kila kitu. Nikasema moyoni, hii haitamfikia mtu. Nikaogopa kufumbua macho nikakuona ukiwatazama.

Kisha mpira ukaacha kudunda. Nikamsikia mtu anamwambia mtoto, "Sss, nyamaza, anapiga Eleuterio." Halafu mwingine. Muuza fataki akanyamaza. Nikafumbua macho: Yalagui nzima, watu wasionyamaza hata padri akiinua hostia, wamesogea mbele, wameinamisha vichwa upande mmoja, wanaume wameshika kofia, wamezuia pumzi ili wasikose. Hakuna aliyetazama chini.

Januari ijayo nakuja tena, nishapanga. Safisha meno.

Hermelinda